Shajara ya Tomi: mbwa mdogo katikati ya kuku

Januari, mwishoni

Tomi ameshafika. Ni dume wa kienyeji, kahawia mwenye kifua cheupe, umri wa miezi mitatu na ushee. Mama yake analinda zizi la ng'ombe kwa jirani, na ni mbwa mtulivu asiyebweka ovyo. Ndiyo maana nilisubiri uzao wake badala ya kuchukua mtoto yeyote aliyepatikana.

Shamba lipo Tengeru, kwenye miteremko ya Mlima Meru. Ni migomba, kahawa kidogo chini ya migomba, na kuku: wa kienyeji wanaozurura mchana kutwa, na chotara aina ya Sasso ambao tunawafungulia baada ya kutaga. Mchana mwewe huchukua vifaranga na nguchiro huvizia mitetea kwenye ua. Usiku kicheche hutafuta tundu kwenye wavu, na akiingia bandani haishii kwa mmoja. Nimechoka kuokota manyoya asubuhi. Nataka mbwa atakayelala nje ya banda usiku, na mchana apite katikati ya kuku bila kuku kuacha kupekua.

Hicho cha mwisho ndicho kipimo changu. Jogoo ana milio miwili ya hatari, na kila aliyefuga kuku huria anaijua. Kwa mwewe hutoa mlio mmoja mwembamba, mrefu, na kundi zima hukimbilia chini ya mibuni na kunyamaza. Kwa adui wa ardhini hupiga kelele za kukatakata, shingo imesimama wima, na mitetea wanamwitikia mpaka adui aondoke. Leo Tomi amepigiwa hiyo ya pili tangu getini hadi jikoni, na alikuwa amebebwa mikononi. Siku atakapopita kwa miguu yake mwenyewe bila kupigiwa, nitaandika hapa.

Februari, mwanzoni

Kabla ya somo lolote kuna mambo ya nyumbani ya kuweka sawa.

Amechanjwa kichaa cha mbwa. Afisa mifugo alikuja na boksi lake la barafu, nikamwomba jirani alete na mama yake Tomi saa hiyo hiyo. Shirika la Afya Duniani linasema mbwa wa eneo wakichanjwa kufikia asilimia 70 ugonjwa unakosa njia ya kupita, kwa hiyo kuchanja wangu na kumwacha wa jirani ni kazi nusu. Dawa ya minyoo amepewa pia.

Anakula ugali wa dona na dagaa waliochemshwa, mara tatu kwa siku kwa umri wake, nyuma ya jiko ambako kuku hawafiki. Hili nalishikilia sana. Kuku hawana adabu na sahani ya mtu. Wakimdonolea chakula chake atajifunza kuwangurumia, na ngurumo ikizoeleka hufuatiwa na meno. Chakula cha vifaranga nacho kimehamia stoo, mlango unafungwa kwa komeo. Baadhi ya vyakula vya vifaranga hutiwa dawa kama monensini za kuzuia koksidia, vimelea vya utumbo wa kuku, na dawa hizo ni sumu kwa mbwa.

Halafu kuna kuku wa mgeni. Kwetu mgeni akiingia, watoto huambiwa wakamate kuku, na uwanja mzima unageuka mbio na vicheko. Mtoto wa mbwa akitazama hivyo anajifunza kwamba kuku ni wa kukimbizwa na kwamba familia nzima inafurahia. Tumekubaliana: kuku wa kuchinja anachukuliwa usiku kwenye kichanja, amelala, bila mbio. Watoto walinuna kidogo. Bibi yao aliwaunga mkono wakati wa chakula, kisha akaunga mkono upande wangu alipoona Tomi anavyotetemeka kuku akikimbia.

Na hapo kwenye kukimbia ndipo kazi yote ilipo. Watu wengi husema mbwa anaua kuku kwa sababu ya njaa. Mbwa aliyeshiba huua kuku vilevile, na mara nyingi humwacha palepale bila kumla. Kuwinda kwa mbwa ni mlolongo: anakodoa macho, ananyatia, anafukuza, anadaka, anaua, ndipo anakula. Kila hatua ina raha yake, hata kama haifiki kwenye tumbo. Mbwa wa kuchunga kondoo wa Uingereza wamechaguliwa kwa vizazi wabaki na kukodoa na kunyatia bila kung'ata. Mbwa wa kulinda mifugo wa Uturuki, kama Kangal, wamechaguliwa mlolongo wote uwe umelegea. Tomi ni wa kienyeji, mama yake hukamata panya, na sina sababu ya kudhani damu yake imelegea popote. Kwa hiyo sisubiri afike kwenye kuua ndipo nimkemee. Nakaa mlangoni mwa mlolongo, kwenye macho.

Februari, wiki ya pili

Mzee jirani alipita kumwona mtoto wa mbwa wake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Huyu siku akiua, mfunge kuku huyohuyo shingoni akae naye mpaka aoze. Hatarudia."

"Baba, mimi nataka asifike huko kuua."

Akacheka kwa wema, akasema nitaona. Namheshimu mzee, na mbwa wake ni wazuri kuliko wa wengi hapa. Dawa hiyo ya mzoga lakini siikubali, na nimeisikia tangu utotoni. Mbwa huunganisha tendo na kile kinachofuata papo hapo, ndani ya sekunde chache. Mzoga wa siku tatu shingoni haumkumbushi mbio za juzi. Unamfundisha tu kwamba anatembea na kitu kinachonuka. Na kama kuku yule alikuwa na kideri, mbwa atauzungusha ugonjwa shamba zima. Kumpiga nako kunamfundisha kuogopa aliyeshika fimbo, basi ataua ukiwa sokoni.

Somo la "acha" tumelianzia jikoni, mahali ambapo hakuna hata unyoya. Naficha dagaa kwenye ngumi na kuishusha mbele ya pua yake. Aliilamba, akaikwangua kwa kucha, akalia, akaibwekea. Mimi kimya. Alipochoka na kurudisha pua nyuma, nikasema "safi!" na kumpa kipande cha ini kutoka mkono wa pili. Dagaa wa kwenye ngumi hampati kamwe, hata akitii namna gani. Alichoambiwa aache hakiwi chake baadaye. Zawadi inatoka kwingine, na inatoka kwangu. Siku zilizofuata ilikuwa dagaa sakafuni chini ya kiganja, kisha sakafuni wazi, kisha mpira wa watoto ukiviringika. Mpira ndio ulikuwa mgumu. Chakula kilichotulia anakiacha bila shida; kitu kinachokwenda kinamvuta mwili wote.

Februari, mwishoni

Sasa kuku, kwa mbali.

Nimefunga kamba kwenye mti wa parachichi na mimi nimekaa kwenye stuli pembeni yake, mfukoni nina ini lililokaushwa. Kuku wako ng'ambo ya uwanja wakipekua majani ya migomba. Umbali sahihi sikuupima kwa hatua, Tomi mwenyewe ndiye anayeusema. Akiwa mbali vya kutosha, anawaona, masikio yanakwenda mbele, kisha anaweza kugeuka nikimwita na kula ninachompa. Tukikaribia mno, mdomo unafumba, mkia unasimama na kukakamaa, mguu mmoja wa mbele unanyanyuka, na macho hayapepesi. Ini likiwekwa puani pake hapo halioni. Mbwa anayekataa ini hafundishiki dakika hiyo, na kuongeza sauti hakusaidii. Tunasogea nyuma mpaka akumbuke kwamba ana tumbo.

Zoezi lenyewe ni rahisi kulieleza: akiwatazama kuku na kuniangalia tena kwa hiari yake, "safi!" na ini. Simwiti, nangoja ageuke mwenyewe. Mwanzoni alichelewa sana na mkono wangu ukawa tayari kumvuta, nikauzuia. Leo jioni alikuwa akiwatazama, ananigeukia, anawatazama, ananigeukia, haraka haraka, amegundua biashara. Ndicho ninachotaka: kumwona kuku kuwe ndiyo sababu ya kumtafuta mtu.

Niliwahi kusoma habari za shirika la kuhifadhi duma la Namibia, ambalo tangu 1994 limekuwa likiwapa wafugaji mbwa wa Kangal ili duma wasiuawe kwa kula mbuzi. Watoto wa mbwa hao hukulia na mbuzi tangu wadogo kabisa, mpaka wanawaona kama jamaa zao. Scott na Fuller, waliochunguza watoto wa mbwa kwa miaka mingi Bar Harbor, Marekani, na kuchapisha matokeo mwaka 1965, walionyesha kwamba kipindi cha mtoto wa mbwa kuzoea viumbe wengine ni kati ya wiki ya 3 na ya 12 hivi. Tomi ameletwa kipindi hicho kikiwa ukingoni. Hatawaona kuku kama jamaa. Tutafanya kwa mafunzo kile ambacho wenzake wa Namibia hupata kwa malezi, na itachukua muda zaidi.

Machi

Siku ya chanjo ya kideri. Kila baada ya miezi mitatu tunawachanja kuku wote kwa I-2, tone moja jichoni, na hakuna siku yenye kelele kama hiyo. Kuku anakamatwa, anapiga mabawa, analia kama anachinjwa, wenzake wanaitikia, vumbi na manyoya hewani. Kila kinachomwasha mbwa kipo hapo kwa pamoja.

Mdogo wangu alipendekeza Tomi afungiwe chumbani. Nilikataa nusu. Kijana wetu wa shamba alimchukua mpaka mwisho wa shamba, karibu na mfereji, ambako kelele zinafika zikiwa zimepungua na kuku hawaonekani. Huko alipewa mfupa mbichi wa ng'ombe, mkubwa, wa kutafuna polepole. Kijana anasema mwanzoni aliinua kichwa kila kuku alipolia, akasimama, akanung'unika. Baadaye aliinua kichwa bila kuacha mfupa. Mwishoni alibaki na mfupa. Tulikuwa bandani bado tunashika wale Sasso wazito wakati habari hiyo inaletwa, na nilifurahi kuliko kwa chanjo yenyewe.

Mtu anaweza kufanya mazoezi ya utulivu mwezi mzima kuku wakiwa wametulia, halafu akashangaa mbwa anaharibu siku ya kwanza kuku anapopiga kelele. Ni masomo mawili tofauti. Tangu siku hiyo nimeanza kuwafanya kuku wakimbie kwa makusudi, Tomi akiwa kwenye kamba mbali. Namwaga mtama, kundi linakuja mbio mabawa wazi, Tomi anatazama, akinigeukia anapata ini. Mtama kidogo, mbio fupi, kisha tunaondoka kabla hajachoka. Mbwa wa umri huu akichoka hasikii, na kila asichosikia kinamfundisha kwamba kutosikia kunawezekana.

Aprili

Masika imetukamata. Matope kila mahali, kamba inaloa na kuwa nzito, na mazoezi yamepungua kwa sababu kuku wenyewe wanashinda chini ya upenu wa banda.

Upepo wa jana ulifungua geti la ndani. Tomi alikuwa kwenye uwanja wake na kamba ya kuburuta tu, na mtetea mmoja akatoka kupita mbele yake akikimbia mvua. Mbio zilikuwa fupi. Kijana aliikanyaga kamba karibu na tangi la maji, Tomi akasimama na unyoya wa mkiani mdomoni. Mtetea alijificha kwenye mibuni hadi jioni, mzima, mkia umepungua.

Hakupigwa wala kukemewa. Kijana alimshika kola, akamwondoa taratibu, akamfunga kibandani kwake bila neno. Asubuhi tulirudi kwenye mti wa parachichi, mbali kuliko tulikokuwa mwezi uliopita. Mbio moja iliyofanikiwa ina ladha ambayo ini halina, kwa hiyo malipo yamepanda: wiki hii ni maini na kipande cha mafuta, na akigeuka haraka nampa mbio za kwangu, nakimbia mimi naye ananifukuza mpaka kwenye migomba. Ana haki ya kukimbia. Nataka tu akimbie na sisi.

Geti sasa lina komeo na jiwe. Kamba ya kuburuta ndiyo iliyookoa, na mtu yeyote anayefuga mbwa mdogo pamoja na kuku namsihi asiidharau: nyepesi, bila kitanzi mwishoni kisije kikanasa kwenye kisiki, ndefu ya kutosha mtu kuikanyaga.

Mei

Tembe wetu mweusi ametotoa na kutoka na vifaranga. Huyu haogopi kitu. Mwaka jana alimrukia mwewe.

Tulimpeleka Tomi kwenye kamba, mbali, kama kawaida. Tembe alimwona kabla sisi hatujamwona yeye. Alitandaza mabawa, akajivimbisha mpaka akawa mara mbili yake, akaja mbio uwanja mzima, kichwa chini. Tomi hakujua la kufanya. Alirudi nyuma mpaka kamba ikakaza, nikaingia kati na kumwondoa.

Kuna wafugaji wanaosema mwache kuku mwenye vifaranga amfundishe mbwa, atampiga pua na mbwa ataheshimu. Kwa mbwa mmoja inaweza kufaa, kwa mwingine pigo la pua linaamsha meno, na wa kulipia ni vifaranga. Mimi nataka Tomi ajue kwamba kuku akija kwake yeye ana njia ya kuondoka na mtu wa kumwendea. Kwa hiyo tumelifanyia zoezi: kuku akisogea, namwita, tunageuka, tunakwenda zetu, anapata malipo. Sasa tembe akimkazia macho, Tomi anageuza uso pembeni na kuzunguka mbali. Kugeuza uso ni lugha ya mbwa ya kutotaka ugomvi, na tembe ameielewa upesi kuliko nilivyotarajia. Humsindikiza hatua chache, kisha hurudi kwa watoto wake.

Vifaranga wenyewe ni habari nyingine. Ni wadogo kama panya, wanakwenda kama panya, wanalia kama panya, na mama yake Tomi ni mwindaji wa panya. Hapa siharakishi. Vifaranga wakiwa nje, Tomi yuko kwenye kamba mkononi mwa mtu mzima, si mtoto, mpaka waote manyoya.

Juni

Baridi ya Meru imeshuka, ukungu hadi saa nne asubuhi. Tomi amerefuka miguu na ameingia ujana wa mbwa: anatafuna kandambili, anasikia jina lake akipenda, anaweka mguu juu kwenye kila mgomba. Mambo aliyoyajua Machi anayajua nusu. Majirani wangesema amekuwa mkaidi. Ni umri. Tumefupisha vipindi, tumerudisha ini, na simwachi bila kamba eti kwa sababu mwezi uliopita alifanya vizuri.

Usiku sasa analala kwenye kibanda chake kilichoegemea banda la kuku, wavu ukiwa kati yao. Wiki hii alibweka usiku wa manane, mbweko tofauti, mzito, bila kupumzika. Kijana alitoka na tochi akakuta udongo umechimbwa chini ya wavu upande wa mfereji, mbichi, na harufu ya kicheche ambayo haichanganywi na nyingine. Kuku wote walikuwepo. Asubuhi tulizika mawe kuzunguka upande ule, na Tomi alipata yai lililochemshwa, limemenywa na kukatwakatwa sahanini.

Kuhusu mayai mabichi: yanaokotwa mapema kila siku, hata ya kwenye majani. Yai analolikuta mwenyewe ardhini litampeleka kulitafuta kwenye kiota, na kwenye kiota kuna kuku ameketi.

Julai

Leo saa tano asubuhi Tomi amepita kutoka kibandani hadi jikoni, kamba ikiburuta nyuma yake, katikati ya kundi lote. Nilikuwa kwenye ngazi ya jikoni nachambua mchicha. Jogoo aliinua kichwa. Nikaacha mchicha. Akamtazama Tomi kwa jicho moja, kisha kwa la pili, kisha akainamia majani na kuendelea kupekua. Mtetea aliyepoteza mkia Aprili alisogea pembeni hatua mbili, bila kukimbia. Hakuna aliyelia.

Mchana ule ule jogoo alitoa mlio wa mwewe. Kundi likatoweka chini ya mibuni, na Tomi, aliyekuwa amelala juani, akasimama na kutazama juu. Hilo sikumfundisha. Amelisikia mara nyingi kwa jogoo kiasi kwamba ameanza kulifuata, na nitaliangalia kama litakua.

Nimemwita mzee aje aone. Alikaa kwenye stuli, akamtazama Tomi akipita na kurudi, akaniuliza ninampa nini hasa mfukoni. Anataka kujaribu na yule mdogo aliyebaki kwake. Nimempa ini kidogo lililokaushwa na kumwonyesha ngumi ya dagaa.

Yaliyobaki ni mengi. Bado haachwi na kuku bila mtu, wala tukienda kanisani, wala sokoni Jumamosi. Wanaofuga mbwa walinzi huwaamini kikamilifu wakikaribia mwaka mmoja na nusu au miwili, na Tomi hajafika hata mwaka. Chanjo ya kideri inayofuata ataitazama akiwa karibu zaidi ya mfereji, mfupa ukiwa mdomoni. Kuna vifaranga wapya wataanguliwa Agosti. Na kamba ya kuburuta nitaanza kuipunguza kidogo kidogo kila anapomaliza mwezi bila mbio, mpaka kibaki kipande kifupi kwenye kola ambacho yeye hatakihisi na mimi nitaweza kukishika.